Bakteria wa udongoni na sumu zenye klorini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mnaposema "sumu zenye klorini" mnamaanisha nini?

Tunamaanisha kemikali ambazo uti wake ni kaboni, na juu ya kaboni hiyo zimeshikizwa atomi za klorini. Kuna viyeyushi: PCE inayotumiwa na madobi wa nguo kavu (dry cleaning, wanaofua bila maji), na TCE ya kuondolea grisi kwenye vyuma. Kuna viuatilifu: DDT, lindani, toksafeni. Kuna PCB, zilizokuwa kwenye mafuta ya transfoma za zamani, na PCP iliyopakwa kwenye mbao na nguzo zisiliwe na mchwa.

Chumvi ya mezani nayo ina klorini, lakini hiyo ni kloridi inayoelea peke yake majini na haina neno. Tatizo ni klorini iliyofungwa kwenye kaboni. Kifungo hicho ni kigumu, na ndicho kinachoifanya DDT ikae udongoni miaka na miaka. Kazi yote ya bakteria tunayoieleza hapa ni kukata kifungo hicho na kuirudisha klorini kuwa kloridi ya kawaida.

Bakteria wanafaidika nini? Wanakula hizo sumu?

Wengine wanazikula, wengine wanazipumua. Tofauti hiyo si ya maneno tu, maana ndiyo inayoamua uwape hewa au uwanyime.

Sisi tunakula wali na tunavuta oksijeni. Wali unatoa elektroni, oksijeni inazipokea, na katikati ya safari hiyo mwili unapata nguvu. Kemikali yenye klorini chache, kama vinili kloridi au kiuamagugu 2,4-D, inaweza kusimama upande wa wali: bakteria wanaovuta oksijeni wanaimeng'enya hadi kaboni dioksidi na kloridi. Lakini PCE yenye atomi nne za klorini haina tena elektroni za kutoa, klorini zimeshazivuta zote. Yenyewe inasimama upande wa oksijeni. Mahali pasipo hewa, bakteria fulani wanachukua elektroni kutoka kwenye haidrojeni na kuzitupia PCE. Kila elektroni mbili zikipokewa, atomi moja ya klorini inabanduka na nafasi yake inachukuliwa na haidrojeni.

Kanuni ya haraka: klorini nyingi, ondoa hewa; klorini chache, hewa inafaa. Zipo kemikali zinazovunja kanuni hii, na lindani ni mojawapo (tazama chini).

Kemikali hizi zimetengenezwa viwandani juzijuzi tu. Bakteria walijifunzia wapi?

Dunia ilikuwa na kemikali zenye klorini kabla ya viwanda. Mwani wa baharini, uyoga na kuvu wa msituni hutengeneza maelfu ya aina zake, na moto wa nyika huongeza nyingine. Vimeng'enya vya kukata klorini ni vya kale. Sisi tumewaletea tu mzigo mkubwa na wa aina ngeni.

PCE inavunjwa kwa hatua gani?

Ni ngazi yenye vidato vinne, na kila kidato klorini moja inaondoka:

PCE (klorini 4) → TCE (3) → cis-DCE (2) → vinili kloridi, yaani VC (1) → etheni (0)

Etheni ni ile gesi inayotolewa na ndizi zikiiva. Haina sumu kwa viwango hivi, na bakteria wengine huimalizia.

Balaa liko kwenye kidato cha nne. VC ni gesi, inasafiri haraka na maji, na imethibitishwa kusababisha saratani ya ini kwa binadamu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa unaruhusu PCE hadi mikrogramu 100 kwa lita, TCE 8, lakini VC 0.3 tu. Kwa hiyo kazi iliyoishia katikati inaweza kukuachia maji mabaya kuliko uliyoanza nayo. Ukisahau kila kitu kwenye ukurasa huu, usisahau hicho.

Ni bakteria gani wanaofika hadi mwisho?

Wanaoshuka vidato viwili vya juu ni wengi: *Dehalobacter*, *Sulfurospirillum*, *Desulfitobacterium*, *Geobacter lovleyi* na wengineo. Wakifika cis-DCE wanaishia hapo.

Wanaojulikana zaidi kwa kuimaliza kazi ni *Dehalococcoides mccartyi*. Wa kwanza kutengwa, anayeitwa aina 195, alitoka kwenye tope la mtambo wa majitaka wa Ithaca, New York, akatangazwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1997. Jina la *mccartyi* lilitolewa rasmi mwaka 2013 kwa heshima ya Perry McCarty. Ni kiumbe kidogo hata kwa kipimo cha bakteria: kisahani chenye upana wa karibu nusu mikromita. Tena ana masharti kama bwana harusi. Anapumua kemikali zenye klorini na si kingine, elektroni anazitaka kutoka haidrojeni tu, kaboni anaitaka kama asetati, na vitamini B12 lazima atengenezewe na majirani. Oksijeni inamuua. Kwa siku moja au mbili anaongezeka mara mbili tu, wakati bakteria wa tumboni hufanya hivyo kwa dakika 20.

Jambo ambalo wengi hulikosa: jina la spishi halitoshi. Aina 195 ina jeni ya *tceA* na inaikokota VC polepole bila kufaidika nayo. Wenye kuipumua VC na kuzaliana juu yake ni wale wenye jeni ya *vcrA* au *bvcA*. Ukipeleka sampuli maabara, omba jeni hizo kwa majina.

Maabara imeandika kwamba PCE imepungua kwa asilimia 95. Tumemaliza?

Ngoma bado mbichi. Chukua karatasi ile ile na ugeuze miligramu kuwa mikromoli. Gawanya kila kipimo kwa uzito wa moli, kisha zidisha kwa 1,000: PCE 165.8, TCE 131.4, DCE 96.9, VC 62.5, etheni 28.

Mfano. Kisima cha uchunguzi kilianza na PCE miligramu 10 kwa lita, ambayo ni mikromoli 60. Baada ya miezi minane kinasoma hivi:

- PCE 0.5 mg/L = mikromoli 3
- TCE 0.2 mg/L = mikromoli 1.5
- cis-DCE 3.9 mg/L = mikromoli 40
- VC 0.9 mg/L = mikromoli 14.4
- etheni 0.03 mg/L = mikromoli 1

Kwa miligramu, jumla ya sumu imeshuka kutoka 10 hadi 5.5, na mkubwa wa mradi atapiga picha na kupeana mikono. Kwa mikromoli bado ni 60. Hakuna kilichoondoka, uzito umepungua kwa sababu klorini ni nzito na imebanduka. Molekuli iliyosafishwa kabisa ni moja tu katika kila 60. Na hiyo VC ya 0.9 mg/L ni mara 3,000 ya mwongozo wa maji ya kunywa.

Ripoti yoyote isiyopima etheni, irudishe.

Kwa nini kazi inagoma kwenye DCE au VC?

Sababu zinazojirudia, kwa mpangilio tunaoufuata tunapokagua:

Kwanza, wenye *vcrA* au *bvcA* hawapo, au ni wachache mno. Kwa kawaida etheni huanza kuonekana kwa kasi ya maana wakifika nakala milioni 10 za jeni kwa lita ya maji. Chini ya 10,000 usitarajie kitu.

Pili, chakula kimeisha au kimeliwa na wengine. Tatu, pH imeshuka chini ya 6; wa vidato vya juu wanavumilia, *Dehalococcoides* anazira. Nne, kuna kemikali nyingine inayowadumaza: klorofomu na 1,1,1-trikloroethani ndizo zinazojulikana zaidi, hata kwa kiasi kidogo. Tano, hewa inaingia, mara nyingi kupitia maji ya kuingizia ambayo hayakuondolewa oksijeni.

Baridi ni sababu kubwa Kanada, ambako maji ya chini yanaweza kuwa na nyuzi 10. Kwenye ukanda wetu wa pwani ya Afrika Mashariki maji ya chini yana joto linalowafaa kabisa, na hii ni nafuu ambayo watu hawaihesabu.

Wanalishwa nini, na kiasi gani?

Wanahitaji haidrojeni, lakini humwagi haidrojeni ardhini. Unaweka kitu ambacho bakteria wengine watakichachusha waitoe taratibu: laktati ya sodiamu, molasi, au mafuta ya soya yaliyopigwa na maji na kiunganishi mpaka yawe kama maziwa. Laktati huisha kwa wiki chache. Mafuta hukaa miaka miwili, mitatu.

Utaratibu wa kutoa polepole una maana yake. Haidrojeni ikiwa nyingi, watengeneza methani wanaifaidi. Ikiwa kidogo sana, karibu nanomoli 2 kwa lita, wavunja klorini bado wanaweza kuitumia na watengeneza methani hawawezi.

Hesabu ya kiasi inashangaza kila anayeifanya mara ya kwanza. Gramu 1 ya haidrojeni inamalizwa na gramu 8 za oksijeni, au 12.4 za nitrati, au 12 za salfeti, au 20.7 za PCE ikishuka hadi etheni. Tuseme maji yana oksijeni 4 mg/L, nitrati 25, salfeti 60 na PCE 4. Mahitaji ya haidrojeni kwa lita ni:

oksijeni 0.5 + nitrati 2.0 + salfeti 5.0 + PCE 0.19 = miligramu 7.7

PCE yenyewe inahitaji asilimia 2.5 tu ya chakula. Kingine chote ni cha wageni waalikwa, na hawa huhudumiwa kwanza. Kwa mita ya ujazo moja ya maji hayo unahitaji gramu 7.7 za haidrojeni, sawa na karibu gramu 215 za laktati ya sodiamu. Zidisha mara tatu kwa ajili ya chuma na manganizi ya udongoni, watengeneza methani, na maji mapya yanayoingia. Kwa sharubati ya laktati ya asilimia 60, hiyo ni zaidi kidogo ya kilo moja kwa mita ya ujazo.

Asiyepima salfeti kabla ya kuagiza chakula anabahatisha. Karibu na bahari, palipoingia maji ya chumvi, salfeti inaweza kuwa mamia ya miligramu, na hapo bajeti ya chakula inapasuka.

Molasi ni rahisi na inapatikana. Kuna ubaya?

Inafanya kazi, lakini inachachuka haraka na kutoa asidi nyingi kwa mkupuo. Kwenye mchanga mweupe usio na chokaa, pH inaweza kuanguka hadi 5 ndani ya wiki chache. Ukitaka kuitumia, weka dozi ndogo ndogo, pima pH kila wiki, na uwe na bikaboneti ya sodiamu karibu. Lengo ni pH kati ya 6.5 na 7.5.

Usitumie magadi kama mbadala. Yanapandisha pH kupita kiasi, na juu ya 8.5 bakteria hawa wanagoma vile vile. Isitoshe, magadi mengi ya Bonde la Ufa yana floridi.

Nitajuaje kama bakteria wangu wa asili wanatosha?

Njia ya haraka ni kuhesabu jeni kwa PCR, kipimo cha maabara kinachonakili jeni ili zihesabike: unachuja lita moja ya maji, unatuma kichujio kwenye barafu. Hiyo inakuambia nani yupo. Kujua kama wanafanya kazi, fanya jaribio la chupa:

1. Chota udongo kutoka chini ya usawa wa maji pamoja na maji ya palepale. Jaza chombo hadi juu, funga, weka kwenye baridi, na usikae nacho zaidi ya siku chache.
2. Ndani ya kisanduku kisicho na oksijeni, weka gramu 30 za udongo na mililita 100 za maji kwenye chupa ya glasi ya mililita 160. Acha nafasi ya gesi juu: naitrojeni na kaboni dioksidi, 80 kwa 20.
3. Ongeza resazurini miligramu 1 kwa lita. Hii ni rangi ya kuchungulia hewa: ikiwa ya waridi, oksijeni imo, ikipotea, mambo yako sawa.
4. Andaa makundi manne, kila moja chupa tatu: (a) iliyouliwa kwa kuchemshwa kwenye mtungi wa shinikizo, (b) hai bila chakula, (c) hai yenye laktati milimoli 5 kwa lita, (d) kama (c) pamoja na bakteria walionunuliwa.
5. Funga kwa kizibo kinene cha mpira wa butili chenye uso wa Tefloni na kofia ya alumini. Ongeza TCE au PCE kwa sindano, kiwango kile kile cha eneo lako.
6. Geuza chupa kichwa chini, giza, joto la maji ya eneo. Kila wiki mbili vuta mikrolita 100 za gesi ya juu upime kwa kromatografu ya gesi.

Makosa matatu yanaharibu majaribio mengi. Kizibo cha mpira wa kawaida hunyonya PCE, ukadhani bakteria wamefanya kazi. Kundi (a) lipo ili kukuonyesha hilo, usiliache kwa kubana matumizi. Sindano iliyochomwa mara 20 mahali pamoja huacha tundu na VC inatoroka. Na watu hukata tamaa mapema: kimya cha miezi miwili, mitatu ni cha kawaida.

Ukiona (c) inaganda kwenye DCE na (d) inatoa etheni, jibu umelipata: chakula peke yake hakitoshi hapo.

Je, kuleta bakteria kutoka nje kunafaa kweli?

Kuna ushahidi mzuri. Kwenye kambi ya zamani ya jeshi la anga ya Kelly, Texas, jaribio lililochapishwa mwaka 2002 lililinganisha sehemu zilizolishwa tu na sehemu iliyolishwa kisha ikaongezewa bakteria wa mchanganyiko wa KB-1, wenye *Dehalococcoides* ndani yake. Sehemu za chakula peke yake ziliishia cis-DCE. Iliyoongezewa, kwa lita 13 tu za mchanganyiko, ilifika hadi etheni, na PCE ikashuka chini ya mikrogramu 5 kwa lita ndani ya miezi kadhaa.

Kwa kukadiria: lita moja ya mchanganyiko wenye seli bilioni 100, ikisambaa kwenye mita za ujazo 10 za maji, inatoa seli milioni 10 kwa lita. Watoe chomboni kwa kusukuma na gesi ya naitrojeni, kamwe si kwa kumimina. Kabla ya hapo eneo liwe limeshalishwa na kukaa hadi oksijeni iwe chini ya 0.2 mg/L. Kuingiza bakteria siku moja na chakula, kwenye maji ambayo bado yana hewa, ni kuwapeleka machinjioni.

Kwetu, kuingiza viumbe hai kutoka nje kunahitaji vibali, na mara nyingi kuchelewa kwa mzigo forodhani kwenye joto ndiko kunakoua mchanganyiko. Panga hilo mapema kuliko unavyodhani.

Na zile dawa za bakteria za kuweka chooni?

Hapana. Hao ni wa kumeng'enya kinyesi na mafuta. Hawana jeni zinazohitajika.

DDT inavunjwaje?

Hapa pana njia panda. Penye hewa, DDT inapoteza klorini moja pamoja na haidrojeni moja na kuwa DDE. Pasipo hewa, klorini moja inabadilishwa kwa haidrojeni na inakuwa DDD. DDE ni kichomi: inadumu kuliko DDT yenyewe, inajikusanya kwenye mafuta ya mwili na kutoka na maziwa ya mama. Njia ya DDD inaweza kuendelea mbele zaidi.

Ndiyo maana utaratibu unaotumika ni wa zamu. Changanya udongo na mbolea ya samadi iliyoiva au pumba, pamoja na unga wa chuma, loanisha hadi hewa itoke, funika kwa turubai siku kadhaa hadi wiki. Kisha fungua, geuza kwa jembe au trekta, acha ukauke kiasi. Rudia. Chuma kinasaidia kuondoa oksijeni na kutoa elektroni. Mizunguko inaweza kufika kumi na zaidi.

Tegemea kuganda njiani. DDT ya miaka 40 imejificha ndani ya vinyweleo vya udongo na kwenye mboji, ambako bakteria hawafiki. Upungufu wa haraka mwanzoni, kisha mstari unalala. Ni kawaida, na kuongeza bakteria hakusaidii.

Ukitaka kujua kama DDT ya shambani ni ya zamani au mtu amepulizia majuzi, tazama uwiano: jumla ya DDE na DDD ikiwa ndogo kulinganisha na DDT, ni mpya.

Lindani je? Ina klorini sita, kwa hiyo ninyime hewa?

Ungedhani hivyo, lakini lindani inavunjwa vizuri penye hewa. Bakteria wa jamii ya *Sphingobium*, kama *S. japonicum* UT26 wa Japani na *S. indicum* B90A wa India, wana kimeng'enya LinA kinachotoa klorini pamoja na haidrojeni, na LinB kinachobadilisha klorini kwa kundi la OH. Baada ya hapo pete inafunguka na kuliwa. Pasipo hewa lindani nayo inavunjika, lakini mara nyingi inaishia klorobenzini na benzini, na benzini ni sumu nyingine.

Kwa matuta ya udongo wenye lindani: unene usiozidi sentimita 30, pH karibu na 7, naitrojeni na fosforasi kwa uwiano wa kaboni 100, naitrojeni 10, fosforasi 1. Unyevu uwe asilimia 60 ya uwezo wa udongo kushika maji. Bila vipimo: vaa glavu, finyanga konzi moja, ishikamane kama ugali, isidondoshe maji, na ukiigusa kwa kidole ivunjike. Geuza kila wiki.

Kama ni HCH ghafi (mchanganyiko ambao lindani ni aina yake ya gama) na si lindani safi, pima aina zake nne kuu. Beta-HCH ndiyo sugu. Alfa na gama zitaondoka, beta itabaki ikikutazama.

Tuna josho la ng'ombe la zamani. Tuloweshe udongo wake ili bakteria wafanye kazi?

Subiri. Majosho mengi ya Afrika Mashariki yalitumia aseniki kwanza, kisha toksafeni na lindani zikafuata. Aseniki ni elementi. Hakuna bakteria wa kuivunja. Mbaya zaidi, ukiondoa hewa, bakteria wanaibadilisha kuwa arsenaiti na kuyeyusha kutu ya chuma iliyokuwa imeishika, na inatembea hadi kisimani. Pima aseniki kabla ya tone la maji. Ikiwemo, zungushia uzio, funika, elekeza maji ya mvua pembeni, na peleka matokeo kwa mamlaka ya mazingira: NEMC kwa Tanzania au NEMA kwa Kenya.

Na pale ghala la viuatilifu lilipoanguka?

Mfano unaojulikana ni shamba la Vikuge, Kibaha mkoani Pwani, lililopokea viuatilifu vya msaada kutoka Ugiriki mwaka 1986, vingine vikiwa vimeshapitwa na muda. Banda likaanguka, mvua ikanyesha juu yake. DDT na HCH udongoni hapo zilikuja kupimwa kwa asilimia ya uzito, si kwa miligramu.

Kwa kiwango hicho bakteria hawana nafasi. Ukiona mabonge meupe au ya manjano yenye harufu ya dawa, hiyo ni kemikali yenyewe, inafukuliwa na watu wenye vifaa, inafungwa, na kuchomwa kwenye tanuri la nyuzi 1,100 na zaidi. Kuichoma shimoni kunatengeneza dioksini, sumu nyingine kali yenye klorini. Bakteria wanafaa kwa ukingo: udongo wa pembeni wenye miligramu kadhaa hadi mamia kwa kilo.

Inachukua muda gani?

Maji yenye PCE iliyoyeyuka, yakiwa na bakteria wa kutosha: mwaka mmoja hadi mitatu. Kama chini kuna PCE yenyewe haijayeyuka, miaka mingi zaidi. PCE ni nzito mara 1.6 ya maji, inazama hadi kwenye mfinyanzi na kutulia hapo kama dimbwi, ikiachia kidogo kidogo. Matuta ya lindani: miezi. DDT ya zamani: usimuahidi mtu tarehe.

Kuna madhara ya pembeni?

Yapo, na mwenye mradi akikuambia hayapo mtilie shaka. Maji yatakuwa na chuma na manganizi, yatanuka kama yai viza, methani itajikusanya. Visima vya kuingizia vitaziba kwa utelezi wa bakteria. Mengi hurudi kawaida mbele zaidi kwenye mkondo wa maji ya chini, hewa ikirudi, lakini usifanye kazi hii karibu na kisima cha kunywa kinachotumika. Na kama kuna nyumba juu, pima hewa ya ndani, maana VC hupanda.

Kisima chetu kiko jirani na gereji au dobi wa nguo kavu. Nichemshe maji?

Kuchemsha kunaitoa PCE, TCE na VC majini na kuziingiza kwenye hewa ya jikoni, unakopumua. Dawa ya klorini ya kutibu maji haizigusi. Kichujio cha mkaa maalumu kinashika PCE na TCE vizuri, lakini VC kinaipitisha mapema, kabla hujasikia tofauti yoyote ya ladha. Mpaka majibu yatoke, tumia maji ya chanzo kingine kunywa na kupikia.

Sampuli yenyewe ichukuliwe kwenye chupa ya glasi ya mililita 40, ijazwe hadi maji yavimbe mdomoni, ifungwe, ipinduliwe na kugongwa: ukiona hata kiputo kimoja, mwaga uanze upya. Ihifadhiwe kwenye barafu. Mwambie wa maabara apime PCE, TCE, cis-DCE na VC kwa pamoja. Akikupa bei ya PCE peke yake, tafuta maabara nyingine.